Njia ya miguu ni ya wote: kupima, kufungua na kutunza njia zetu za Kasongo na Kabambare



Katika mikutano ya amani tunazungumza sana juu ya silaha, ardhi na msamaha. Mara chache tunazungumza juu ya njia ya miguu. Lakini mwulize mama aliyehama kijiji chake, akapokelewa na jamaa huko Kasongo au Salamabila, ni kitu gani kinachomzuia kufika shambani kwake. Hatakutajia mkataba. Atakutajia kijito ambacho daraja lake la magogo limeoza, kichaka ambapo watu walivamiwa, kilima ambacho mama yake mzee hawezi kukipanda, na shamba la mihogo lililolimwa katikati ya njia ya zamani.

Kwa hiyo katika ukurasa huu tunaeleza jinsi familia zilizohama, familia wenyeji na viongozi wanavyoweza kupima, kufungua na kutunza njia za miguu zinazopita katika misitu, vilima na mabonde ya mito ya kusini mwa Maniema. Jambo letu kubwa ni moja: njia haijafunguka mpaka yule anayetembea polepole kuliko wote aweze kuipita, na akubaliwe kuipita. Kijana mwenye nguvu atapita popote. Anayetuonyesha kama njia ni nzima ni mzee mwenye mkongojo, mama mjamzito, mtoto, kipofu, na mtu aliyepoteza mguu.

Nchi yetu inavyolala

Mji wa Kasongo uko mashariki ya mto Lualaba, si mbali na mahali ambapo mto Luama unaingia katika Lualaba. Luama unatoka upande wa milima ya Fizi, unapita katika teritwari ya Kabambare na kushuka kuelekea magharibi. Anayetoka Lualaba kwenda mashariki huanza katika nchi ya chini, yenye nyasi ndefu na misitu inayofuata mito, kisha huinuka kidogo kidogo kuelekea vilima na milima ya mpaka wa Kivu ya Kusini. Upande wa kusini ni mpaka na Tanganyika.

Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, hata ukizipima kwa mstari ulionyooka. Magari hayafiki vijiji vingi, na katika majira ya mvua hata pikipiki hukwama. Mchele, karanga, mawese na samaki husafiri kichwani, mgongoni au kwenye baiskeli inayosukumwa. Mgonjwa husafiri kwa machela, au tipoyi kama wengi wetu tunavyoiita. Kwetu njia ya miguu ndiyo barabara, ndiyo ambulansi, na ndiyo njia ya shule.

Watu wa nchi hii ni wengi: Wabangubangu, Wakusu, Wazimba, Wasonge, Wahombo, Wabuyu, Wagenya wa mtoni, Watwa wa msituni, na wengine. Hakuna kabila linaloweza kufika sokoni bila kupita kwa jirani. Ndiyo maana njia ikifungwa, ugomvi hauko mbali.

Njia zenye kumbukumbu nzito

Njia zetu ni za zamani. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikapitia Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Kwa njia hiyo vilikuja nguo, kilimo cha mpunga, Kiswahili na dini ya Kiislamu. Kwa njia hiyo hiyo walipita watu katika minyororo na wapagazi wa pembe za ndovu.

Soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, liliwakutanisha watu wa ng'ambo zote mbili za mto, na wengi wao walikuwa wanawake. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki walifyatua risasi katikati ya soko hilo. Mamia walikufa, wengi wakizama walipokimbilia mitumbwi. Msafiri David Livingstone alikuwepo, na habari aliyoiandika iliwashtua watu wa Ulaya. Sisi tunajifunza jambo lingine pia: soko lililokuwa likiunganisha ng'ambo mbili lilivunjwa kwa siku moja.

Baadaye utawala wa kikoloni uliwalazimisha wanavijiji kufyeka njia na kubeba mizigo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wakongo zaidi ya laki mbili walifanywa wapagazi. Kisha ukaja uasi wa 1964, vita vya 1996 na 1997, na vita vilivyoanza 1998. Hata baada ya mapatano ya 2002 na serikali ya mpito ya 2003, makundi yenye silaha yameendelea kuzihamisha familia za Kabambare na Kasongo, na watu wamekuja pia kutoka Fizi na Tanganyika kutafuta mahali pa kulala.

Tunakumbusha haya kwa sababu mzee anaposita kusikia neno "kazi ya njia", huenda anakumbuka kiboko. Tusimdharau. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ile ya misafara katika orodha ya mahali inapopendekeza pawe Urithi wa Dunia, ili watu wasisahau yaliyotendeka humo. Na sisi tunaweza kuzikumbuka njia zetu kwa kuzifanya ziwe za watu huru.

Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 30 kwamba kila mtu aliye katika nchi ana haki ya kutembea kwa uhuru na kuchagua mahali pa kukaa, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 16 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Kifungu cha 49 kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeeleza zaidi haki za watu wenye ulemavu.

Kwa upande wa watu waliohama, Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za 1998 zinasema kwamba kurudi nyumbani kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Mkataba wa Kampala wa 2009, ambao ni wa Umoja wa Afrika, unafuata msimamo huo huo. Basi kufungua njia si kuamuru familia zirudi. Njia iliyofunguka inaipa familia nafasi ya kuchagua: kwenda kuangalia shamba na kurudi jioni, kuhudhuria mazishi, kuuza mpunga, au kubaki ilipo.

Hatua ya kwanza: kuipima njia pamoja

Msianze na mapanga. Anzeni kwa kutembea. Chagueni kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili, na ndani yake wawepo:

- mwenyeji na mtu aliyehama, na mtu wa kila kijiji kinachoguswa na njia;
- mzee anayejua njia za zamani na majina ya vijito;
- mama anayebeba mtoto au mzigo, na msichana anayekwenda kuchota maji;
- mtu mwenye ulemavu, akitaka kuja mwenyewe, au mtu anayeishi naye;
- mwindaji, mvuvi au Mtwa anayeujua msitu, naye alipwe au apewe chakula sawasawa na wengine.

Tembeeni kwa mwendo wa yule wa polepole. Mwekeni awe wa pili katika mstari, nyuma ya kiongozi, asiwe wa mwisho. Akiwa wa mwisho, wengine watapumzika wakimngojea, naye akifika tu watainuka, kwa hiyo yeye hatapumzika kamwe. Mtu mmoja mwenye nguvu afunge mstari.

Andikeni muda, msiandike kilomita peke yake. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 300 ingechukua basi saa mbili na nusu. Lakini yeye alimfikiria mtu mzima mwenye nguvu. Familia yenye watoto, vyombo na mbuzi ihesabu mara mbili, yaani saa tano. Ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi itafika saa tano, kabla ya mvua za alasiri. Ikiondoka saa nne, itakutwa na mvua njiani, pengine katika kijito kilichofurika.

Mnapotembea, simameni mahali penye shida na kuulizana: Hapa nani anashindwa? Hapa nani anaogopa, na kwa nini? Maswali haya mawili hayafanani. Mara nyingi wanaume huonyesha daraja bovu, na wanawake huonyesha kona yenye majani marefu.

Hatua ya pili: aina tatu za njia

Baada ya kutembea, kaeni chini mkubaliane njia ni ya aina gani. Igaweni katika vipande, kwa maana njia moja inaweza kuwa rahisi hadi kijitoni na ngumu baada ya hapo.

*Njia rahisi.* Ni tambarare au inapanda kidogo tu. Upana wake ni kama mita moja na nusu. Hakuna maji yanayopita juu ya kifundo cha mguu. Madaraja yana mahali pa kushika. Mzee, mtoto, baiskeli ya kusukuma na kiti cha magurudumu vinapita, pengine kwa msaada mdogo.

*Njia ya wastani.* Ina vilima, mizizi au mawe, na vijito vya kuvuka kwa magogo. Mama mwenye mzigo anapita, lakini kwa kupumzika. Mwenye mkongojo anahitaji mtu wa kumshika mkono.

*Njia ngumu.* Ina mteremko mkali, utelezi, maji yanayofika magotini au kuvuka kwa mtumbwi. Haifai kwa mgonjwa wa machela bila wabebaji wengi, wala kwa mtoto bila mtu mzima wake.

Fanyeni hivyo mara mbili, kwa kiangazi na kwa majira ya mvua. Kwetu kiangazi ni karibu kuanzia Juni hadi Agosti. Njia rahisi ya Julai inaweza kuwa ngumu mwezi Novemba. Kiongozi anayeiambia familia "njia ni nzuri" bila kusema ni majira gani anaweza kuipoteza mtoni.

Hatua ya tatu: kurekebisha kwa mikono yetu

Kazi nyingi haihitaji mashine. Panga, jembe, shoka, kamba na akili za wazee vinatosha kwa kuanza.

*Maji kwanza.* Adui mkubwa wa njia ni maji yanayokimbia juu yake. Mahali penye mteremko, wekeni gogo au mawe yakikatiza njia kwa upande, si moja kwa moja, ili maji yatoke nje kuelekea bondeni. Chimbeni na kijitaro mbele yake. Kilima kikiwa kikali, wekeni magogo hayo kila baada ya mita 10 hadi 20. Yasafisheni kabla ya mvua kuanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

*Mteremko.* Chukueni mti ulionyooka wa mita 3. Laza chupa iliyojaa maji karibu yote juu ya mti huo. Ncha moja ya mti iguse ardhi upande wa juu, na ncha ya pili iinuliwe mpaka pumbazi la hewa likae katikati ya chupa. Sasa pimeni nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikiwa ni sentimita 25 au chini yake, kiti cha magurudumu kinaweza kupanda kwa msaada. Ikiwa karibu 30, watu wengi watapanda vizuri. Ikizidi 45, njia itateleza na kuliwa na maji. Hapo ni afadhali kuizungusha njia ubavuni mwa kilima kuliko kuipandisha wima. Itakuwa ndefu zaidi, lakini bibi atafika.

*Kona.* Machela ya miti miwili ni ndefu. Kwenye kona panueni njia ili wabebaji wageuke bila kumwinamisha mgonjwa. Kwa safari ndefu wawepo angalau wabebaji wanane: wanne wabebe na wanne wapumzike.

*Vijito.* Gogo moja la mviringo ni daraja la vijana. Wekeni magogo mawili au matatu pamoja, yachongwe juu yawe bapa, yafungwe, na kamba au fito ziwekwe upande mmoja kwenye kimo cha mkono wa mtu mzima. Kama kuna watoto wa shule, ongezeni kamba ya pili chini yake. Katika mito mikubwa kama Luama na Lualaba wapo mamba na viboko, basi msiwaambie watu wavuke kwa kuogelea. Patanini na wavuvi juu ya mtumbwi, saa zake, idadi ya watu na malipo. Bei iwe moja kwa mwenyeji na kwa mtu aliyehama.

*Mahali pa kupumzika.* Kila mwendo wa nusu saa pawe na gogo la kukalia kivulini, lenye kimo cha kiti. Wazee wanasema mara nyingi kwamba kuketi chini si shida, shida ni kuinuka.

*Kuonekana.* Fyekeni nyasi pande zote mbili, hasa kwenye kona na karibu na chemchemi, ili anayepita aone mbele na aonekane.

Njia ikipita katika shamba la mtu

Hapa ndipo amani inapopimwa. Tuchukue mfano. Familia imekaa ugenini miaka mitatu. Inaporudi kuangalia kijiji chake, inakuta jirani aliyebaki amelima mihogo juu ya njia ya zamani ya kwenda mtoni. Familia inasema: "Hii ilikuwa njia ya babu." Jirani anasema: "Mlipokimbia, njia iliota majani. Mimi nimelisha watoto wangu hapa." Wote wawili wanasema kweli.

Kijana mmoja akikata mihogo ile kwa hasira, mambo mawili hupotea: njia na ujirani. Tunashauri hivi:

1. Asiguse mtu mmea wowote kabla ya baraza.
2. Baraza lifanyike mahali penyewe, chini ya mti ulio karibu na njia. Wazee wa pande zote mbili waeleze njia ilipita wapi.
3. Aliyelima asikilizwe kwanza. Asiitwe mwizi.
4. Tafuteni njia ya kuzunguka ambayo yule wa polepole ataiweza. Mzunguko unaomfaa kijana tu si suluhisho.
5. Kama hakuna mzunguko, ngojeni mavuno. Mpunga hukaa karibu miezi minne, mihogo huhitaji miezi tisa au zaidi. Kwa wakati huo achieni upenyo mwembamba wa mtu mmoja.
6. Andikeni mapatano katika daftari, kwa lugha ambayo wote wanaielewa, pamoja na mashahidi wanawake na wanaume. Mkuu wa lokalite na mkuu wa grupema wabaki na nakala.

Andikeni pia jambo hili wazi: mapatano ya njia hayaamui shamba ni la nani. Aliyeruhusu watu wapite hajapoteza haki yake, na anayepita hajapata haki mpya juu ya ardhi. Watu wengi hufunga njia kwa sababu wanaogopa kwamba leo ni mguu, kesho ni jembe. Hofu hiyo ikiondolewa, njia hufunguka.

Usalama: mambo ya kuzingatia

*Habari kabla ya safari.* Kabla ya kutoka, ulizeni waliopita jana na leo. Msimtume mtoto "kuangalia kama kuna watu." Nendeni kwa kikundi, na waambieni waliobaki saa ya kurudi.

*Ramani isiwe silaha.* Kikundi kikichora njia chini kwa kijiti au katika karatasi, kichore maji, shule, soko, kituo cha afya, mashamba na mahali pa kuvuka. Kisichore mahali wanapokaa watu wenye silaha, wala mahali familia zinapojificha. Ramani ya njia za raia ikiingia mikononi mwa mpiganaji inaweza kuleta kifo. Wazee wanajua njia zisizopaswa kuandikwa. Waheshimuni.

*Vitu vilivyoachwa na vita.* Mkiona bomu, gruneti, risasi kubwa au chuma msichokijua, msiguse, msirushe jiwe, msichome moto nyasi karibu nacho. Simameni, waonyeni wengine, rudini kwa nyayo zenu wenyewe. Wekeni alama kwa mbali, kama matawi yaliyokatiza njia, na mpeni habari mkuu wa kijiji ili azifikishe kwa wenye ujuzi.

*Wanawake na wasichana.* Patanini saa za kwenda kuchota maji na kutafuta kuni, na mwende pamoja. Kama mtu amebakwa, lawama si yake. Afikishwe haraka kwenye kituo cha afya. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na dawa ya kuzuia mimba inasaidia kabla ya saa 120. Ndiyo maana tunasema njia ya kituo cha afya ipimwe kabla ya njia nyingine zote. Kama inachukua siku mbili kwa miguu, kila mama ajue hivyo mapema.

*Bariyeri.* Kizuizi kinachotoza pesa kwa kila kichwa na kila kikapu ni njia iliyofungwa kwa jina lingine. Mtu mmoja asibishane peke yake na mwenye bunduki. Viongozi wakusanye malalamiko ya wengi, bila majina, na kuyapeleka pamoja kwa mkuu wa sekta, kwa msimamizi wa teritwari na kwa mashirika yanayotetea haki.

Neno kwa viongozi

Barabara kubwa ni kazi ya Office des Routes, na zile za kufikia mashamba zina idara yake ya serikali. Endeleeni kuzidai. Lakini njia za miguu haziwezi kungoja. Kwa kawaida hutunzwa kwa salongo, nayo salongo inaweza kujenga au kuvunja amani. Ikiwa waliohama tu ndio wanaoitwa kufyeka, ni utumwa wa zamani katika nguo mpya. Ikiwa wenyeji peke yao wanafanya kazi, watasema njia ni yao. Gaweni kazi kwa vipande, kila kipande kiwe na watu wa pande zote mbili. Asiyeweza kushika jembe aweza kupika, kuchunga watoto au kuhesabu siku. Pikeni pamoja na kuleni pamoja. Siku ya kazi isiangukie siku ya soko, wala Ijumaa mchana, wala Jumapili asubuhi.

Chagueni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa kila kipande, wapite kila mwezi na baada ya kila mvua kubwa, na walete habari barazani. Kazi yao si kutoza faini. Kazi yao ni kusema: gogo limeoza, kijitaro kimeziba, kuna mtu amelima tena.

Kazi ikiisha, msikate utepe na kufanya hotuba ndefu. Mwiteni yule mliyemweka wa pili katika mstari siku ya kupima. Aende naye hadi mwisho wa njia na kurudi, kwa mwendo wake. Akisema "nimefika," njia imefunguka. Akisema "hapa nilishindwa," shukeni tena na majembe. Mwenda pole hajikwai.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba njia njema itazuia vita. Watu wenye silaha nao hutembea kwa miguu. Lakini vijiji viwili vilivyopatana juu ya daraja la magogo vina daftari moja, siku moja ya kazi, na watu wanne wanaoonana kila mwezi. Uvumi ukija usiku kwamba "wale wa ng'ambo wanakuja," yupo mtu wa kwenda kuuliza, na ipo njia ya kumfikisha.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

- Katika njia zetu, ni nani ameacha kupita? Tangu lini, na kwa sababu gani?
- Njia ya kwenda kituo cha afya ni rahisi, ya wastani au ngumu? Na katika majira ya mvua?
- Kuna njia iliyolimwa juu yake? Aliyelima anaogopa nini?
- Waliohama na wenyeji wanafanya salongo pamoja? Kama sivyo, tungeanza na kijito gani?
- Ni nani kati yetu atakuwa wa pili katika mstari?

Tunawatakia safari njema, na amani katika kila hatua.